Naona, Nasikia, Nadhani: Maneno ya Kutolea Maoni na Dhamana Yake

Katika madarasa yetu ya hapa Gisenyi, kila ifikapo zamu ya insha ya hoja, hutokea jambo moja ambalo walimu wenzetu wa kwingineko bila shaka wamekwisha kuliona. Mwanafunzi ambaye juma lililopita aliandika barua safi na masimulizi ya kuvutia, sasa huanza kila aya kwa neno lile lile: nafikiri. Nafikiri elimu ni bora kuliko mali. Nafikiri ulevi ni mbaya. Nafikiri mji wetu wahitaji soko kubwa zaidi. Kalamu ya mwalimu haina la kusahihisha, kwa kuwa sarufi imekaa sawa na maana yafahamika. Hata hivyo msomaji hufika mwisho wa insha asijue ni lipi ambalo mwandishi ameliona kwa macho yake, lipi ameambiwa, lipi analiamini kwa moyo wote, na lipi analikisia tu. Yote yamevikwa nguo moja.

Makala haya yamekusudiwa kuyatazama maneno tuyatumiayo kutolea maoni, na kuonyesha kwa nini yastahili kufundishwa kwa uangalifu kuliko ilivyo desturi. Twashikilia ya kwamba neno la namna hii si pambo la mwanzo wa sentensi. Ni kama sahihi ambayo msemaji huitia chini ya usemi wake: hueleza ameyapata wapi hayo asemayo, na yuko tayari kuyajibia kwa kiasi gani. Sisi tufundishao mahali ambapo Kinyarwanda, Kiswahili cha Goma, Kiswahili sanifu, Kifaransa na Kiingereza husikika katika siku moja na katika barabara moja, yatupasa kulitazama jambo hili kwa makini zaidi. Mwanafunzi wetu huvuka kutoka lugha hii hadi ile mara nyingi kwa siku, na kila avukapo yawezekana maneno yakavuka lakini dhamana yake isivuke.

Jamii ya kuona

Kiswahili kimeyajenga maneno yake mengi ya maoni juu ya jicho. Maoni yenyewe yametokana na kuona. Mtazamo umetokana na kutazama. Hata rai, ambalo ni neno lililotoka katika Kiarabu, asili yake ni mzizi wenye maana ya kuona. Atakaye kuijua fikira ya mwenziwe humwuliza, "Waonaje?" na mwenziwe humjibu, "Naona…" Mnyarwanda naye huuliza, "Ubibona ute?" yaani "Wayaonaje mambo haya?" Kwa hiyo hapa njia ni nyeupe, na mwanafunzi wetu huipita bila kujikwaa.

Kujikwaa huanzia katika tofauti ndogo ndogo zilizomo ndani ya jamii hii ya maneno. "Naona mvua inanyesha" ni habari ya jicho. "Naona mvua itanyesha" ni maoni, maana jicho limeyaona mawingu nayo akili imemalizia. Asemaye naona katika sentensi hiyo ya pili amejitolea: mawingu ameyaona mwenyewe, na mvua isiponyesha lawama ni yake. Naonelea huenda hatua moja mbele, kwani hutumika pale mtu anapotoa shauri la kutendwa. Mjumbe asemaye "Naonelea tuahirishe mkutano" anapendekeza jambo. Asemaye "Naona mkutano umeahirishwa" anaisoma hali ilivyo. Mwanafunzi asiyeijua tofauti hiyo aweza kukaa katika kikao kizima pasipo kutambua kwamba ameombwa kukubali au kukataa.

Rai na maoni nayo hayabadilishani nafasi kila mahali. Kutoa rai mara nyingi huwa ni kutoa pendekezo au wito, na kumrai mtu ni kumbembeleza kwa maneno mpaka akubali. Maoni hayambembelezi mtu. Maoni hutolewa, huombwa, hukusanywa, hutofautiana, hupingwa na hupimwa. Vitenzi hivi vifuatanavyo na neno maoni yafaa mwanafunzi avijue pamoja na neno lenyewe, kwa sababu ndivyo vimwonyeshavyo kazi ya neno hilo katika jamii.

Mfano mmoja kutoka Tanzania watufaa hapa. Mwaka 1991 nchi hiyo iliunda Tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ili ikusanye maoni ya wananchi juu ya mfumo wa chama kimoja au vyama vingi vya siasa. Waliotoa maoni, karibu wanane katika kila kumi, walitaka mfumo wa chama kimoja uendelee. Tume iliyasikiliza hayo, ikayatazama na maoni ya wale wachache, kisha ikashauri vyama vingi viruhusiwe. Na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa. Kazi ya makala haya si kuamua kama ushauri ule ulikuwa mwema. Lakini mwalimu wa lugha hupata humo ufafanuzi mzuri wa neno lenyewe. Maoni si kura, wala si amri. Ni jambo ambalo mtu humkabidhi mwenziwe ili lipimwe pamoja na mengine, na ndiyo sababu mpimaji huhitaji kujua limetoka wapi.

Mbona ya kwetu na mbona ya pwani

Katika jamii hii ya kuona kuna neno moja linalotuletea kicheko darasani, nacho ni kicheko chenye mafunzo. Katika Kinyarwanda mbona maana yake ni "naona". Mtu husema "Mbona ari byiza," akiwa na maana kwamba kwa maoni yake jambo hilo ni zuri. Katika Kiswahili, kama tujuavyo sote, mbona ni neno la kuulizia lenye mshangao na pengine lawama ndani yake: "Mbona huli?" "Mbona umechelewa?"

Basi mwanafunzi wetu hukutana na mgeni kutoka Tanga, akapenda kumsifu, akamwambia: "Mbona Kiswahili chako ni kizuri." Yeye alitaka kusema kwamba akiona Kiswahili cha mgeni anakiona kizuri. Mgeni amesikia swali: imekuwaje Kiswahili chako kiwe kizuri? Sifa imegeuka mashaka. Katika mkasa huo hakuna aliyekosea sarufi, na kamusi ya kila mmoja ipo upande wake.

Sisi twaona, na hapa twasema twaona wala hatusemi twajua, kwamba mbona hizi mbili huenda zikawa ndugu wa zamani. Mtu aambiaye mwenziwe "naona huli" amekwisha kumtaka aeleze kwa nini hali, kutoka hapo hadi "mbona huli?" si safari ndefu. Iwe hivyo au isiwe, mwanafunzi akielezwa kwamba mbona ya pwani ni jicho linaloshangaa, na mbona ya kwao ni jicho linalotoa hukumu, hasahau tena.

Kusikia

Mbona huleta kicheko, lakini kusikia huleta hasara. Kinyarwanda kina kitenzi kumva, ambacho uwanja wake ni mpana sana. Kumva ni kusikia kwa sikio, ni kuhisi mwilini, ni kuelewa, na zaidi ya hayo ni kutoa hukumu ya moyoni. "Ubyumva ute?" huuliza Mnyarwanda, akitaka kujua maoni yako. Nawe wamjibu, "Numva ari byo," yaani kwa maoni yako ndivyo.

Kiswahili nacho hakikulibana neno kusikia katika sikio peke yake. Twasikia njaa, twasikia baridi, twasikia harufu, twasikia uchungu. Ng'ambo ya mpaka, katika Kiswahili cha Kongo, mtu husema anasikia lugha fulani akiwa na maana kwamba anaielewa. Kwa sababu ya ukaribu huo mwanafunzi huamini kwamba amepata neno lililo sawa kabisa na lake, akaandika: "Nasikia mtihani huu utakuwa mgumu," naye hakusikia lolote kwa yeyote. Ni maoni yake mwenyewe. Lakini katika Kiswahili sanifu, nasikia ikifuatwa na habari kamili huwa na maana moja: nimeambiwa. Mwenye maneno si mimi. Kwa hiyo Kinyarwanda kimemfundisha mtoto kusema "hili ni langu" kwa kitenzi ambacho Kiswahili hukitumia kusema "hili si langu."

Twakumbuka siku za mwisho wa mwezi wa Mei mwaka 2021. Jumamosi jioni ya tarehe 22 mlima Nyiragongo ulilipuka, mbingu ya upande wa Goma ikawa nyekundu, na maelfu ya watu wakavuka mpaka usiku ule kuja kwetu. Moto ulisimama kabla ya kuufikia moyo wa mji wa Goma, lakini ardhi haikutulia. Kwa siku kadha iliendelea kutetemeka, kuta zikapasuka Goma na Rubavu pia, na watu wengi wakalala nje ya nyumba zao. Katika siku hizo tulikuwa tumeketi katika mgahawa mmoja karibu na barabara iendayo mpakani, pamoja na dereva wa lori aliyetoka Tanzania na mzigo wake. Mama mwenye mgahawa alipomletea chai alimwambia kwa sauti ya chini:

"Kaka, nasikia leo usiku ziwa litapasuka."

Dereva aliweka kikombe chini. "Nani kasema, mama? Ni redio?"

"Hapana. Redio haikusema."

"Ni serikali?"

"Hakuna aliyesema, kaka. Nasikia tu."

Dereva alitutazama sisi kana kwamba atuulize kama mama yule yu mzima. Naye mama alikuwa mzima kabisa. Alikuwa amesema kwa Kiswahili kile ambacho kwa Kinyarwanda kingekuwa numva: moyo wangu unaniambia hivyo, nahofu hivyo. Tulimweleza dereva maana ya maneno yale, naye akanywa chai yake, ingawa hakuimaliza.

Kisa hicho ni kidogo, lakini tazama wakati wake. Hofu juu ya ziwa haikuwa ya kipuuzi, kwa maana maji ya kina ya Kivu yamebeba gesi nyingi, na tarehe 27 ya mwezi ule ule watawala wa Kivu ya Kaskazini waliamuru sehemu kubwa ya mji wa Goma ihamwe, wakiitaja hatari hiyo ya kuwako moto chini ya ardhi ya mji na chini ya ziwa. Katika saa za namna hiyo mtu alihitaji kujua kama neno aliloambiwa limetoka kwa wachunguzi wa mlima, au kwa mtawala, au katika kifua cha jirani yake. La kwanza na la pili lilimtaka abebe watoto aondoke. La tatu lilimtaka amfariji jirani. Kitenzi kimoja kikitumika kwa yote matatu, msikilizaji hubaki na hofu tupu isiyomwonyesha la kutenda.

Kwa Kiswahili, mama yule alikuwa na maneno mazuri ya kuchagua: nahisi, naona, nahofia, moyo wangu waniambia. Hayo ndiyo tunayowapa wanafunzi wetu mahali pa numva ya hukumu, na tunawaachia nasikia kwa ajili ya sikio na mwili.

Eti, na lisemwalo

Kwa yule ambaye kweli ameambiwa, Kiswahili kimemwekea vyombo vya kutosha. Nimesikia, nimeambiwa, yasemwa, inasemekana: haya ni ya mtu apelekaye habari bila kuiongeza wala kuipunguza. Eti ni kali zaidi. Asemaye "Eti shule zitafungwa kesho" amekupa habari na papo hapo amekuonyesha kwamba yeye hajaikubali, au aishangaa. Wageni wengi wajifunzao Kiswahili hulipata neno hili baada ya miaka, kwa sababu vitabu vya sarufi hulipitia haraka. Kwa maoni yetu lingefundishwa mapema, pamoja na nadhani na naamini, maana mtu asiye na eti hana njia fupi ya kuibeba habari bila kuwa shahidi wake.

Tunayo pia methali isemayo, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Ni methali ya kweli kwa mambo mengi ya mtaani, lakini mwalimu na aifundishe pamoja na tahadhari. Katika nchi yetu tumepata kuona jinsi lisemwalo, likisemwa kutwa kucha redioni, linavyoweza kuwa sababu ya kuja kwake lenyewe. Mtoto wa Rwanda afundishwe methali hiyo, kisha aulizwe: lasemwa na nani?

Kudhani na jamaa zake

Kudhani, kufikiri, kuamini, kusadiki, kushuku: haya ndiyo ambayo wanafunzi huyachanganya kana kwamba ni sarafu za thamani moja.

Nafikiri hueleza kazi ya akili. Anayefikiri amelizungusha jambo, nasi twatarajia kwamba akiulizwa sababu ataitoa. Kwa hiyo mwanafunzi aandikaye nafikiri na asifuatishe kwa sababu ameweka ahadi asiyoitimiza. Nadhani ni nyepesi zaidi. Hutoka katika dhana, nayo dhana yaweza kuwa kweli au isiwe. Aulizwaye "Mwalimu yupo?" akajibu "Nadhani yupo," amekuambia uende ukatazame mwenyewe. Naamini hubeba moyo. Aaminiye hukubali kusimama na jambo hata kabla ya ushahidi wote kufika. Nasadiki ni ndugu yake, nalo husikika zaidi katika mambo ya dini. Nashuku huelekea upande wa ubaya: hatushuku kwamba fulani ni mkarimu, ila twashuku kwamba ametudanganya.

Wakati wa kitenzi nao hubadili uzito. "Nadhani amekwenda" huiacha habari wazi. "Nilidhani amekwenda" humaanisha karibu kila mara kwamba hakwenda, na msemaji sasa amelijua hilo. Wanafunzi wetu waliozoea Kifaransa au Kiingereza hawalitambui jambo hili upesi, wakaandika nilidhani pale wanapotaka kusimulia tu fikira waliyokuwa nayo na ambayo wangali nayo. Viambishi navyo vina mambo yake: kudhani ni kuwa na dhana, lakini kumdhania mtu mara nyingi huwa ni kumwekea dhana mbaya. Neno limeongezewa irabu moja tu, na mtu amekwisha kuingia katika tuhuma.

Kuhusu kukanusha, "Sidhani kama atakuja" ni usemi wa adabu kuliko "Nadhani hatakuja," kwa sababu wa kwanza huikanusha dhana ya msemaji, ilhali wa pili humkanusha mtu. Katika mikutano ya wazee tofauti hiyo husikika. Kuna pia mtego utokao nyumbani: Mnyarwanda husema nibwira ko, maana yake halisi ikiwa "najiambia kwamba," lakini kwa kweli anasema "nadhani." Mwanafunzi akiitafsiri neno kwa neno, akasema "Najiambia kwamba bei itapanda," Mswahili humwona kama mtu anayejiliwaza au anayejipa moyo. Yatosha kumwambia: hapo sema nadhani.

Jambo lililowahi kushughulikiwa Arusha

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo madogo ya darasani. Twawaomba watazame Arusha, katika nchi ya Kiswahili yenyewe, ambako kwa miaka ishirini ilikaa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyoundwa mwishoni mwa mwaka 1994 na kufungwa mwishoni mwa mwaka 2015. Tarehe 2 Septemba 1998 Mahakama hiyo ilitoa hukumu juu ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mkuu wa komuni ya Taba. Ilikuwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari. Watu huikumbuka hukumu ile kwa sababu hiyo, na ndivyo istahilivyo. Lakini ndani yake mna kurasa ambazo kila mwalimu wa lugha angefaidika kuzisoma, kwa sababu majaji walilazimika kueleza wamewasikilizaje mashahidi.

Mwanaisimu Mnyarwanda, Mathias Ruzindana, alitoa ushahidi mbele yao kama mtaalamu. Pamoja na kufafanua maneno ya Kinyarwanda yaliyokuwa na maana nzito katika kesi ile, aliwaeleza kwamba Wanyarwanda walio wengi wameishi katika utamaduni wa masimulizi ya mdomo, ambamo jambo husimuliwa kama lilivyomfikia msimulizi, pasipo kutenga kila mara kati ya aliloliona yeye na alilosimuliwa na mwingine. Majaji wakaandika kwamba mashahidi, walipoulizwa waziwazi, waliweza kutenga vizuri kabisa kati ya mambo hayo mawili. Na kwamba Mahakama ilijitahidi muda wote wa kesi kuhakikisha kuwa utengano huo umefanywa.

Twapenda mambo mawili yazingatiwe hapo. La kwanza ni kwamba hakuna upungufu wowote katika akili wala katika lugha ya mashahidi wale. Walijua walichokiona na walichokisikia. Desturi ya masimulizi haikuwadai tu waseme ni kipi ni kipi. La pili ni kwamba kilichohitajika kilikuwa swali, na swali lenyewe ni fupi: umejuaje? Lilipoulizwa, jibu lilipatikana.

Hapa nyumbani nako, katika mahakama za Gacaca zilizoketi kwenye nyasi na chini ya miti mpaka zilipofungwa rasmi mwezi wa Juni mwaka 2012, swali hilo liliulizwa mbele ya majirani mara nyingi zisizo na idadi. Maisha ya mtu yaliweza kutegemea kama jirani yake alisema nilimwona, au nilisikia kwamba, au nilidhani ni yeye. Waliokuwa watoto wakati ule sasa ni wazazi wa wanafunzi wetu. Hatuhitaji kuwaeleza kwa nini vitenzi hivi vitatu havifanani.

Adabu na ujasiri

Kuna hoja moja ya kupinga ambayo tumeisikia kutoka kwa walimu wenzetu, nayo ni ya haki. Wao husema: mtoto wa Kiafrika hafundishwi kujitanguliza. Mbele ya wakubwa ni adabu kujificha nyuma ya inasemekana na watu husema. Tukimlazimisha kusema naona na kwa maoni yangu, je, hatumfundishi kiburi?

Twajibu kwa mfano. Mwanafunzi mmoja wa kike aliandika insha juu ya biashara ya mpakani. Aliandika: "Inasemekana wanawake wabebao bidhaa kwenda Goma huamka saa kumi alfajiri, na wengi wao hurudi na maumivu ya mgongo." Tulimwuliza, "Inasemekana na nani?" Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ni mama, Mwalimu." Hakuna aliyemsimulia habari ile. Alikuwa ameiona kila siku tangu utoto wake, akimkanda mama yake mgongo kwa maji ya moto. Adabu ilikuwa imelifuta jicho lake katika insha. Alipoandika upya, akaanza kwa nimeona, insha haikuwa na kiburi hata kidogo. Ilikuwa na ukweli ambao inasemekana isingeweza kuubeba, na darasa zima lilimsikiliza.

Tena Kiswahili chenyewe kimekwisha kulitatua tatizo la adabu. Mtu aweza kusema "Kwa heshima zote, mimi naona vingine," au "Sidhani kama ni hivyo, mzee wangu," naye amejitolea kwa maoni yake bila kumvunjia mtu heshima. Wazee wetu walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Asemaye naona huwa amekubali kwamba na mwenziwe ana kichwa. Ni yule asemaye kila mtu ajua ambaye amewanyang'anya wengine nafasi ya kujibu.

La kutenda darasani

Kwa hiyo twapendekeza zoezi rahisi ambalo halihitaji kitabu wala fedha. Mwanafunzi kabla ya kuandika insha ya hoja agawe ukurasa wake sehemu tatu. Katika ya kwanza aandike niliyoyaona; katika ya pili niliyoambiwa, pamoja na jina la aliyemwambia, awe ni mtu, redio au gazeti; katika ya tatu niyaonayo mimi, na chini ya kila moja aandike sababu. Kisha ndipo achague vitenzi. Ya sehemu ya kwanza yatataka nimeona na nimeshuhudia. Ya pili yatataka nimesikia, nimesoma, inasemekana, na pengine eti. Ya tatu yatataka naona, nafikiri, naamini, nadhani, kila moja kwa uzito wake. Tumelifanya zoezi hili kwa miaka kadha sasa. Sehemu ya pili ndiyo hujaa upesi, na sehemu ya tatu huwa tupu mwanzoni. Muhula ukiendelea, mizani hubadilika.

Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, na watoto wetu watakitumia katika baraza, katika mahakama, katika biashara na katika vikao vya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Huko hawataulizwa wingi wa mbuzi wala kinyume cha kulia. Wataulizwa, "Waonaje?" na baada ya hapo, "Umejuaje?" Twapenda wawe na jibu la maswali yote mawili.

Tungefurahi kusoma katika kurasa hizi jinsi walimu wenzetu wanavyolishughulikia jambo hili pale wanafunzi wao waletapo darasani Kirundi, Kihaya, Kiganda, Kinande au Kimashi. Kila lugha ya mama ina njia yake ya kugawa kazi kati ya jicho, sikio na moyo, na bila kuijua njia hiyo hatuwezi kumwonyesha mwanafunzi mahali inapoachana na Kiswahili. Haya tuliyoyaandika ni maoni ya mwalimu mmoja wa kando ya Kivu. Mengine tumeyaona, machache tumesoma, na yaliyosalia twayadhani tu. Msomaji na ayapime.